Cheti Hakizeeki: Maneno kwa Wazamiaji Wanaorudi Baharini

Hotuba hii ilitolewa Nyali, Mombasa, mbele ya wazamiaji wanaojiandaa kwa msimu wa kaskazi. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote? Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nianze na swali, na nataka kuona mikono. Nani hapa ana cheti cha kuzamia? Naam, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa, nani ameingia majini na mtungi mgongoni tangu Ramadhani iliyopita? Mnaona wenyewe. Mikono ni ya kuhesabika, na mmoja ni wa nahodha, ambaye kazi yake ni kutungoja juu!

Hakuna aibu. Kusi imevuma, bahari imechafuka, vituo vingi vya kuzamia vilifunga milango. Wengine mlikuwa Doha kutafuta riziki. Dada zangu wawili watatu hapa wamejifungua. Wengine ni karo za shule tu, na mbizi si chakula. Lakini sasa kaskazi inaingia, maji yanaanza kung'aa, na simu zinalia: "Lini tunashuka?" Na mtu akishaulizwa hivyo, jambo la kwanza analofanya ni lipi? Anatafuta mkoba. Anatupa ndani miwani, mapezi, suti, anafunga zipu, anasema: niko tayari.

Yuko tayari? Mkoba ndio uko tayari. Yeye bado.

Kile kikadi ulichopewa siku uliyofuzu hakina tarehe ya mwisho. Hata ukikifungia kabatini miaka kumi, ukikitoa bado kinasema wewe ni mzamiaji. Cheti hakizeeki. Kinachozeeka ni mwili wako, vifaa vyako, na ile akili iliyokaa mikononi, inayojua kitufe kiko wapi bila kutazama. Ndiyo maana leo nitaongea juu ya mkoba mwishomwisho tu. Na nyinyi mnaoishi Nairobi, msilale kabla sijafika kwenye habari ya treni.

Kuna kijana wetu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu mamake yuko ukumbini. Alirudi kutoka Ghuba baada ya miaka kadhaa. Mzamiaji mzuri wakati wake, sikatai. Akaja na neno moja tu mdomoni: Dania. Anataka mbizi ya kwanza iwe Dania.

Wageni wetu, MV Dania ni meli ya mizigo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 hapa nje ya mwamba wetu ili iwe makao ya samaki. Imelala kwenye mchanga, kina cha kama mita 30. Ni nzuri, wallahi. Tewa wakubwa, makundi ya samaki yanazunguka mlingoti, na ukishuka kwa kamba unaiona inajitokeza kidogokidogo kutoka kwenye buluu. Nani asiyeitaka?

Lakini tupige hesabu, hesabu ambayo kila mmoja wetu aliifanya darasani. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi. Ukijazwa bar 200, yaani hewa iliyogandamizwa mara 200 hivi, una hewa ya lita 2,200. Juu ya maji, mtu aliyetulia anavuta kama lita 20 kwa dakika. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu hapa. Kwa hiyo kwenye mita 30 unavuta mara nne: lita 80 kwa dakika. Toa akiba ya bar 50, ambayo haiguswi. Zimebaki kama lita 1,650. Gawa. Unapata dakika 20, na humo ndani mna kushuka na kupanda.

Hiyo ni kwa mtu aliyetulia. Mtu aliyekaa nje ya maji miaka mitatu ametulia? Anapiga mikono, anapanda anashuka, anahangaika na miwani. Huyo anavuta lita 30. Hesabu yake haifiki dakika 14. Na kwenye kina hicho naitrojeni huanza kulevya: akili inakuwa nzito, unatazama geji, unaona namba, na namba haikuambii kitu.

Kijana wetu tulimkatalia. Alinuna. Tukampeleka ndani ya hifadhi ya bahari, ile iliyotangazwa mwaka 1986 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mahali pa mita saba nane, mchanga chini, matumbawe pembeni. Nikamwambia: piga magoti hapa, ondoa miwani, ivae tena, toa maji. Jambo ambalo zamani alilifanya huku anacheka. Maji yalipomgusa pua tu, akasimama, akatoka juu. Mita saba! Alitoka akikohoa, hasira zimekwisha, akaniambia, "Mwalimu, ningekuwa Dania je?"

Je?

Basi alirudia. Miwani, mara ya pili, ya tatu. Kuitoa regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa, mdomoni, kuitafuta kwa mkono wa kulia, kuirudisha, huku anapuliza viputo vidogo asizuie pumzi. Kutulia katikati ya maji bila kugusa chini wala kupaa. Kumpa mwenzake hewa. Saa moja ya mazoezi. Wiki iliyofuata alishuka Dania na alirudi na hewa ya kutosha. Kwa hiyo, ukipanga safari yako, iwe Diani, Watamu, Kisite au hapahapa Nyali, siku ya kwanza iwe ya mazoezi, mahali pafupi. Mwambie mwenye kituo ukweli: sijashuka tangu lini. Usimwambie "juzijuzi". Juzijuzi ya Mombasa inaweza kuwa mwaka 2019.

Na kwa kuwa nimeutaja mwaka huo. Mnakumbuka mwisho wa Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na mwanawe? Mji mzima ulisimama ukingoni. Sote tulikuwa mahodari siku zile. Kila mtu alikuwa anajua wazamiaji wangefanya nini, na kila siku tulilalamika: mbona hawashuki? Lilipatikana kwenye kina cha zaidi ya mita 50, ndani ya mlango wa bandari, mkondo mkali, chini hakuonekani kitu. Wale walikuwa watu wa kazi, wanamaji na wataalamu, nchi nzima inawatazama, na bado walingoja maji yatulie. Sasa wewe unayeshuka kutazama samaki, una haraka ya nini? Tazama kalenda ya maji kabla ya kukata tiketi. Siku za bamvua mkondo una nguvu na maji yanatibuka. Maji mafu, mambo ni mepesi. Anayerudi baada ya muda mrefu na apange safari yake maji mafu. Wazee wetu wavuvi hawakuhitaji kompyuta kulijua hilo, na haidhuru ukawauliza.

Haya, mwili.

Nitasema machache, kwa sababu mimi si daktari, na hapo ndipo penyewe: nenda kwa daktari. Ile fomu ya maswali ya afya mnayoijaza "hapana, hapana, hapana" huku mkitazama boti, ijazeni nyumbani, wiki kadhaa kabla. Pumu? Presha? Sukari? Umefanyiwa upasuaji? Kifua kiliwahi kukusumbua tangu mara ya mwisho? Dada zangu, mwenye mimba hashuki, hilo halina mjadala, na aliyejifungua asubiri ruhusa ya daktari wake. Ukiwa na mafua, hushuki. Usimeze vidonge vya kufungua pua ukasema mambo ni sawa. Dawa inaweza kuisha nguvu uko chini, hewa ikanaswa ndani ya sikio, na hapo kupanda kunakuwa mateso. Na masikio yafungueni mapema, kabla hayajauma, kila mita, kwa sababu mabadiliko makubwa zaidi yako kwenye mita 10 za kwanza. Wengi wanadhani hatari iko chini. Masikio mengi yameharibikia juu hapa, karibu na ngazi ya boti.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kuambiwa. Tumenenepa. Biriani ya harusi haipotei bure. Mafuta ya mwili yanaelea, kwa hiyo risasi zile za uzito ulizozoea kufunga kiunoni ili uzame huenda hazitoshi tena, na aliyekonda huenda zikamzidi. Usikisie. Kabla ya kushuka, kaa wima majini, toa hewa yote kwenye koti, lile la hewa linalokuelesha, vuta pumzi ya kawaida uishike. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa sababu hewa nayo ina uzito. Lita 2,200 zile ni zaidi ya kilo 2, na nyingi unazipumua mpaka ukose uzito wa kukuzuia kwenye mita 5 unaposimama zile dakika tatu za mwisho.

Sasa vifaa. Hapa nitakaa kidogo. Mtanisamehe.

Hewa ya Mombasa inakula chuma, sote tunajua. Tazama tu mabati ya nyumba zetu. Lakini adui wa regulata aliyefichika zaidi si chumvi. Jamaa mmoja wa Kisauni alitundika regulata yake kwenye msumari, stoo ya jikoni, akasafiri. Aliporudi aliileta kwangu: "Mwalimu, inapiga vizuri, nilijaribu." Nikaigeuza, nikaitikisa. Ukaanguka mguu. Mguu wa mende. Nikafungua kifuniko, mende wameweka nyumba humo, mayai na kila kitu, na kile kiwambo cha mpira kinachoamua lini hewa ije na lini maji yabaki nje kimetafunwa pembeni. Ilipiga vizuri nchi kavu, ndiyo. Nchi kavu hakuna maji ya kuingia.

Mnacheka. Nani kati yenu ameitundika regulata yake stoo?

Regulata inahitaji fundi kila mwaka, hata kama hukuitumia. Hasa kama hukuitumia! Mipira inakauka imekaa. Kadhalika lile koti la hewa. Kitufe cha kujazia kikishikwa na chumvi, kinabonyea na hakirudi. Upo mita 15, unabonyeza kidogo tu kurekebisha, koti linaendelea kujaa, nawe unapaa kama puto la sikukuu. Ukishika pumzi kwa woga hapo, mapafu yanaweza kupasuka, hata kutoka mita chache. Ndiyo maana sheria ya kwanza kabisa tuliyofundishwa ni kutozuia pumzi. Kwa hiyo, nyumbani, wiki mbili kabla: jaza karai maji matamu, yawe ya vuguvugu, loweka, bonyeza kile kitufe mara nyingi, sikiliza. Jaza koti kwa mdomo, liache usiku kucha. Asubuhi likiwa limelegea, kuna tundu. Na jua namna ya kuchomoa ule mpira wa hewa kwa mkono mmoja, macho yamefungwa.

Mtungi, kama ni wako, usome shingoni. Tarehe ya kupimwa kwa nguvu ya maji imegongwa pale. Kwa kawaida ni kila miaka mitano, na kuchunguzwa ndani kila mwaka. Aliyekaa nao tangu kabla ya korona asimpelekee mjazaji hewa kwa ujanja. Yule kijana anayesimama kando ya kompresa ni mtoto wa watu.

Kompyuta ya mkononi, ile inayokuhesabia kina na muda: badilisha betri kabla ya safari, usingoje ikuonye. Mkanda wa pezi uvute, upinde, utafute nyufa. Miwani ibandike usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua, iachie mikono. Ikianguka, haikufai, au ndevu zako zimebadilika. Kama ni mpya, isugue kioo kwa dawa ya meno kabla, la sivyo itakuwa ukungu mtupu. Suti ijaribu nyumbani mlango umefungwa. Maji yetu ni ya joto, milimita 3 zinatosha wengi, lakini suti inayokubana kifua itakunyima pumzi, na utadhani regulata ndiyo mbovu. Usibishane nayo. Azima nyingine.

Na mkoba? Mfupi tu. Kwenye boti zetu nafasi ni ndogo na kila kitu kinalowa. Ukikodi vifaa vingine vyote, bado beba miwani yako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ile miwani ya zamani iliyozoea uso wako ni bora kuliko mpya ya kukodi. Beba kompyuta yako, cheti, daftari la mbizi, boya la kuonyeshea na filimbi, maana mawimbi ya kaskazi si makubwa lakini kichwa cha mtu ni kidogo. Maji ya kunywa, mengi. Kofia. Vipuri vidogo: kamba ya miwani, mkanda wa pezi, mipira ya mtungi. Glavu acha nyumbani. Mwenye glavu hushika, na matumbawe yetu yaliyopona kidogo tangu joto la mwaka 1998 hayahitaji kushikwashikwa. Chakula cha asubuhi kiwe chepesi. Navipenda viazi karai kuliko wengi wenu, lakini si saa moja kabla ya boti kutoka nje ya mwamba. Anayetapika, ajaribu dawa ya kichefuchefu nyumbani kwanza, siku nyingine, aone kama inamlaza.

Nairobi, mko macho?

Kule Shimoni nilikutana na mzee aliyewahi kuzamia majongoo ya bahari kwa mtungi. Goti moja halikunji, na anatembea kwa fimbo. Wakiulizwa, watu wa kwao walisema alipigwa na jini wa baharini. Alikuwa anashuka kutwa, mtungi baada ya mtungi, halafu anapanda mbiombio. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba naitrojeni anayoivuta huko chini inaingia mwilini, na kwamba akipanda upesi inatoka kwa viputo kwenye viungo na uti wa mgongo. Alinisimulia bila hasira. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira.

Sasa viputo hivyo havijui tofauti ya jini na tiketi ya treni. Sote tumefunzwa: usipande ndege baada ya kuzamia. Mwongozo wa DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, unasema angalau saa 12 baada ya mbizi moja, angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni. Mtu anasikia hayo, anasema, "Mimi sipandi ndege, mimi na SGR." Anazamia Jumapili asubuhi mara mbili, anakula wali wa nazi, anachukua treni ya alasiri Miritini.

Treni hiyo inakwenda wapi? Inapanda! Kwa wazamiaji, kuanzia mita 300 juu ya bahari tayari ni mwinuko wa kuhesabiwa. Voi iko juu ya mita 500. Nairobi unashuka ukiwa juu ya mita 1,600. Ndani ya ndege ya abiria hewa husawazishwa isizidi kama mita 2,400 za mwinuko. Kwa hiyo treni imekupeleka zaidi ya nusu ya njia ya ndege, polepole, na soda mkononi. Basi nalo ni vilevile. Gari lako nalo ni vilevile. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wahesabu saa 24, nami sibembelezwi kwa hilo. Siku ya mwisho ya safari iwe ya Mji wa Kale, ya Fort Jesus. Nendeni jumba la makumbusho mkatazame vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na wazamiaji wakaichimbua miaka ya 1970. Hiyo nayo ni safari ya kuzamia, na haikuloweshi.

Ukiumwa viungo, ukafa ganzi, ukachoka uchovu usioelezeka baada ya mbizi, usilale ukasema kutapambazuka. Sema. Vuta oksijeni, nenda hospitali, mwambie daktari kwanza kabisa kwamba ulizamia. Kabla ya safari, uliza kituo chako maswali mawili: oksijeni ya boti iko wapi, na chumba cha mgandamizo, kile cha kutibu viputo, kilicho karibu kiko wapi? Wakisitasita, tafuta kituo kingine.

Nimemaliza yangu. Jumamosi asubuhi maji yatakuwa yamejaa, tunaingia kidimbwini kwanza, halafu wanaotaka tunakwenda pale kwenye mita saba. Wenye vifaa vya kukaguliwa, ziko meza mbili kule nyuma: regulata kushoto, makoti kulia. Andikeni jina kwenye kipande cha tepu, maana mwaka jana mapezi mawili ya kushoto yalibaki hapa na hakuna aliyeyadai. Na tafadhali, mtu asifungue mtungi humu ndani, kuna watoto wamelala.

Haya, maswali. Mama yake kijana, naona umenyoosha mkono.